Linux ikiganda wakati wa kuwaka, usikubali kufutiwa kwanza

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

MAMA mmoja anayeuza ndagala na mafuta ya mawese katika soko la Ruvumera, Buyenzi, alifika kwa fundi saa mbili asubuhi akiwa ameikumbatia laptopu yake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Humo ndani mlikuwa na daftari lake lote la biashara: nani amechukua kilo ngapi kwa mkopo, madumu mangapi yametoka Rumonge, mzigo upi umevushwa Kobero na umelipiwa ushuru kiasi gani. Kwa siku tatu, kila akiiwasha, ilitokea chapa ya Ubuntu, alama ndogo ikazunguka, kisha kimya. Haiendi mbele, hairudi nyuma.

Fundi hakuuliza mengi. "Mama, hii tuifute tuweke mpya. Saa moja tu utaondoka nayo," alisema.

"Na madeni yangu?"

"Hayo yatapotea, mama. Labda kama umeyaweka pengine."

Kwa bahati, nyuma yake alisimama mtoto wa dada yake, kijana aliyerudi nyumbani kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ambaye ndiye aliyemwekea Linux. "Mama mdogo, tusifute kitu kabla hatujajua imekwama wapi," alisema, akamwomba fundi ruhusa ya kuishika mashine.

Mwandishi wa makala haya alikuwa pale akisubiri simu yake itengenezwe. Kilichofuata kinafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu Linux inazidi kuonekana Bujumbura. Laptopu nyingi zinazouzwa hapa ni za mtumba, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida Oktoba 14, 2025, hivyo wenye mashine za zamani wengi wanatafuta pa kukimbilia.

Tena Ubuntu inapatikana bure. Mrundi hahitaji kutafsiriwa jina hilo, maana nyumbani kitu cha bure husemwa ni cha "ku buntu". Aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Lakini cha bure nacho hukwama, na kikikwama mwenye nacho hana dukani pa kukirudisha.

Lori limeishia wapi?

Mfanyabiashara anayesubiri lori lake kutoka Dar es Salaam hatangazi kwamba mzigo umepotea eti kwa sababu haujafika Bujumbura. Hupiga simu. Limepita Nyakanazi? Limefika Kabanga? Limevuka Kobero au bado liko upande wa Tanzania? Kompyuta inayowaka nayo hupita vituo, na swali ni hilo hilo.

Kituo cha kwanza ni chapa ya kampuni iliyoitengeneza mashine. Ikigandia hapo, Linux haijaanza kabisa, kwa hiyo kuifuta hakutasaidia lolote. Chomoa flashi, printa, modemu na kila kilichochomekwa, kisha jaribu tena. Kwenye mashine ya zamani, iangalie na betri ile ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa. Ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapoondoka, mipangilio ya mashine hupotea, na Linux inaweza kulalamika kwamba diski ilitumika mara ya mwisho "kesho". Ni betri ya bei ndogo, lakini imewafanya wengi waziite mashine zao mbovu.

Kituo cha pili ni GRUB, orodha inayouliza uwashe nini. Mara nyingi hujificha. Ili ijitokeze, kwenye mashine za zamani shikilia Shift mara tu unapowasha. Kwenye mpya, bonyeza Esc. Baada ya hapo hupakiwa kerneli, yaani moyo wa Linux, kisha diski na huduma nyingine, na mwisho ukurasa wa kuingizia neno la siri.

Ile picha nzuri inayozunguka wakati haya yakifanyika kwa kweli ni pazia. Kijana wa Buyenzi alibonyeza Esc, pazia likaondoka, mistari ya maandishi meupe ikatokea kwenye skrini nyeusi. Mstari wa mwisho ulisema kuna kazi inasubiri diski fulani, na pembeni saa ilikuwa inahesabu kuelekea dakika moja na nusu.

"Mama mdogo, huwa unangoja muda gani kabla ya kuizima?"

"Nahesabu mpaka hamsini, sitini. Ikikaa kimya naibana kile kitufe."

Jibu likawa limepatikana. Kwa kawaida Linux huisubiri diski iliyoandikwa kwenye orodha yake kwa sekunde 90 kabla ya kukata tamaa na kueleza tatizo. Mama alikuwa akiizima kabla haijapata nafasi ya kusema.

Na diski inayosubiriwa ilikuwa wapi? Ni ile ya nje ya kuhifadhia nakala, ambayo kijana mwenyewe aliiunganisha mwaka jana akaiandika kwenye faili la /etc/fstab ili ifunguke yenyewe. Wiki hiyo mume wa mama alikuwa ameondoka nayo kwenda Kobero.

Safari hii wakasubiri sekunde zote. Mashine ikatangaza hali ya dharura na kumpa kijana mahali pa kuandika amri. Akaifungulia diski ya ndani ruhusa ya kuandikwa kwa mount -o remount,rw / kisha akafungua faili lile kwa nano /etc/fstab na kuongeza neno nofail mbele ya neno defaults kwenye mstari wa diski ya nje, akitenganisha kwa mkato bila nafasi. Maana yake: ikiwepo, ifungue, isipokuwepo, endelea na safari. Akahifadhi, akaiwasha upya. Madeni yote yalikuwepo.

Fundi alicheka, akasema hilo ameliona leo. Tusimlaumu sana. Kufuta na kuweka upya ni kazi ya saa moja yenye malipo yanayojulikana, wakati kutafuta kilichokwama kunaweza kula siku nzima na mteja asikubali kuilipia.

Umeme ukikatika katikati ya kazi

Ugonjwa mwingine unaoonekana sana katika mji huu huanzia kwenye umeme. Mtu anakubali Linux ijisasishe, betri ya laptopu imekwisha nguvu zamani, na umeme unakatika kerneli mpya ikiwa imeandikwa nusu. Asubuhi mashine inagoma, au inaandika kwamba haiwezi kuifungua diski kuu.

Uzuri ni kwamba Linux haiitupi kerneli ya zamani mara inapopata mpya. Kwenye orodha ya GRUB chagua mstari wa chaguo za ziada, halafu kerneli yenye namba ndogo kuliko ile ya juu. Mashine ikiwaka, fungua sehemu ya kuandikia amri, andika sudo dpkg --configure -a ili kazi iliyokatika imaliziwe, kisha sudo apt -f install. Ukitumia bando la simu, hakikisha lina salio la kutosha kabla ya kuanza.

Wakati mwingine kosa ni diski kujaa. Mashine inapita vituo vyote, lakini ukurasa wa neno la siri hautokei. Jaribu Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukipata mahali pa kuingia, andika df -h. Ukiona asilimia 100 mbele ya alama ya mkwaju, umempata mwizi. Amri ya sudo apt clean huondoa mabaki ya programu zilizopakuliwa, na sudo journalctl --vacuum-size=100M hupunguza kumbukumbu za mashine. Filamu zilizonakiliwa kwa majirani utazifuta mwenyewe.

Skrini nyeusi na kibodi mbili

Ikiwa GRUB inaonekana vizuri, lakini ukiendelea skrini inakuwa nyeusi au inaganda yenye rangi moja, shuku kadi ya picha, hasa ya Nvidia. Rudi kwenye GRUB, simama kwenye mstari wa kwanza, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na linux, nenda mwisho wake, futa maneno quiet splash na uandike nomodeset. Bonyeza Ctrl na X. Badiliko hili ni la safari moja tu, kwa hiyo ukikosea, zima na uanze tena. Likifanya kazi, umejua kwamba inahitajika programu sahihi ya kadi hiyo.

Hapa ndipo waliorudi kutoka Tanzania na waliobaki nyumbani hupishana. Laptopu nyingi za Bujumbura zina kibodi ya Kifaransa, ile inayoanza na A, Z, E; aliyesoma Kigoma au Kasulu amezoea inayoanza na Q, W, E. GRUB kwa kawaida hudhani kila kibodi ni ya Kimarekani. Kwenye kibodi ya Kifaransa ukibonyeza M, GRUB inaandika nukta mkato, na neno lako linaharibika bila wewe kuelewa kwa nini. Ili kupata m ya nomodeset, bonyeza kitufe cha mkato kilicho kuliani mwa N. Herufi nyingine za neno hilo ziko mahali pake. A na Q hubadilishana, vivyo hivyo Z na W. Nimeona mtu akipoteza jioni nzima kwa jambo hili.

Hata kuzima kuna adabu yake. Badala ya kubana kitufe cha umeme, shika Alt pamoja na kitufe cha kupigia picha ya skrini (kwenye nyingine kimeandikwa Syst), kisha bonyeza S, ngoja kidogo, U, ngoja, halafu B. Ubuntu huandika yaliyobaki kwenye diski, huifunga diski, ndipo hujiwasha upya. Kwenye laptopu nyingine utalazimika kushika na Fn. Herufi hizo tatu ziko mahali pamoja kwenye kibodi zote mbili.

Ukisikia diski ikigonga

Yote yaliyotangulia yanatibika. Lililo zito ni pale mistari inaporudia maneno I/O error, au diski ya zamani inapotoa sauti ya kugonga ndani. Hapo diski yenyewe inakufa, na kila unapojaribu kuiwasha unaipunguzia maisha.

Usiiendeshee fsck, amri ya kurekebisha diski. Ni dawa nzuri kwa diski nzima iliyokatikiwa umeme, lakini kwa inayokufa inaweza kuwa pigo la mwisho. Chukua flashi yenye Ubuntu, iwashe mashine kwa hiyo flashi ukichagua kujaribu bila kusakinisha, fungua diski ya ndani, na unakili kwanza yale ambayo huwezi kuyapata tena. Daftari la madeni litangulie, nyaraka za ushuru na vyeti vifuate, picha za harusi baadaye. Flashi hiyo hiyo humfaa hata mtu ambaye diski yake ni nzima, kwani kabla ya fundi yeyote kufuta chochote, data inaweza kutolewa namna hii. Mwambie hivyo. Akisema haiwezekani, mwombe akuonyeshe alivyojaribu.

Wafanyabiashara wa mji huu hawahitaji kuelezwa maana ya kupoteza kumbukumbu. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua Januari 27, 2013, watu walipoteza bidhaa, na pamoja nazo madaftari ya karatasi yaliyoonyesha nani anadaiwa nini. Mama wa Ruvumera alisema ndiyo sababu alikubali kuhamia kwenye kompyuta, na ndiyo sababu nakala yake husafiri na mume.

Mume alirejea kutoka Kobero siku ya Ijumaa. Diski ilichomekwa, ikafunguka yenyewe, nakala mpya ikaandikwa. Kisha mama akachapisha orodha ya wadaiwa wa Rumonge, akaikunja akaitia kwenye pindo la kitenge, akaenda kutafuta gari kabla ya nauli kupanda.