Unauza baiskeli za kaboni? Chomoa bomba la siti kabla hujapiga picha

Wauzaji wenzangu wa baiskeli za mtumba, leo naongelea kitu kidogo kinachokula faida: bomba la siti la alumini lililoganda ndani ya fremu ya kaboni.

Mteja akipokea baiskeli, kitu cha kwanza ni kupandisha au kushusha siti ilingane na urefu wake. Ikigoma, anairudisha, na hela unarudisha wewe.

Kwa nini inaganda? Kaboni inapitisha umeme. Ikigusana na alumini, halafu katikati yakaingia maji ya chumvichumvi, inakuwa kama betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Kutu yake ni unga mweupe unaovimba na kujaza nafasi mpaka bomba linabana kabisa. Jasho na mvua vinatosha kuanzisha. Sisi wa Dar, Zanzibar na Mombasa tuna na upepo wa bahari juu yake.

Mimi kila mzigo ukiingia nafanya hivi:

1. Nabandika selotepu kuonyesha urefu wa siti, kisha nachomoa bomba lote.
2. Nafuta bomba na ndani ya fremu kwa kitambaa kikavu mpaka unga uishe.
3. Napaka pasta maalum ya kaboni. Inatenganisha alumini na kaboni, na ina chembechembe zinazoshika bila kukaza sana. Grisi ya kawaida weka tu kama mtengenezaji wa fremu ameruhusu. La sivyo siti itateleza, mteja atakaza kupita kiasi, fremu ipasuke.
4. Nakaza kwa spana ya kupima nguvu, kwa namba iliyoandikwa kwenye klampu. Nyingi ni kama 5 Nm.
5. Ikikaa stoo, narudia kila baada ya miezi michache.

Imeshaganda? Usiwashe moto, joto linaharibu gundi inayoshika nyuzi za kaboni. Usipige nyundo wala kuizungusha kwa nguvu. Mpelekee fundi anayeijua kaboni, au andika wazi kwenye tangazo "siti haisogei" na ushushe bei.

Ikiwa safi, weka video ya sekunde 10 bomba likitoka na kurudi. Mteja akiona hivyo, maswali inboksi yanapungua.

Wewe stoo kwako kuna ngapi hujazichomoa? Anza nazo leo.