Je, matibabu ya ulevi husomewa?

Kijana aliyemaliza kidato cha sita akisema nyumbani kwamba anataka kusomea matibabu ya watu walioshindwa kuacha pombe na madawa ya kulevya, mara nyingi huchekwa: "Yaani ukasomee walevi?" Kwetu Bukoba na Muleba rubisi hunywewa arusini na hupelekwa ukweni. Basi anayezama humo huonekana ni mtu wa tabia mbaya tu, wala si mgonjwa.

Uraibu ni nini?
Ni hali ya mwili na ubongo kukizoea kileo hata mtu hawezi tena kukaa bila hicho, ingawa anaona kinamwangamiza. Maonyo peke yake hayatoshi.

Kwa nini elimu inahitajika?
Tuchukue mfano. Baba amekunywa rubisi na gongo kila siku kwa miaka mingi. Watoto wamechoka, wanamfungia chumbani ili aache. Siku ya kwanza anatetemeka na kutoka jasho. Siku ya pili aweza kuanguka kama mwenye kifafa. Ya tatu anaweweseka na kuona vitu visivyokuwapo. Ndugu husema amerogwa, kumbe ni mwili uliokatiwa pombe ghafla. Hali hiyo yaweza kuua. Aliyesomea hutumia dawa za kutuliza, vitamini B1 na uangalizi wa karibu, mgonjwa akavuka salama.

Husomewa wapi?
Njia ni nyingi. Mwenye Fizikia, Kemia na Biolojia aweza kusomea udaktari kwa miaka 5, mwaka 1 wa mazoezi kazini, kisha miaka 3 ya ubingwa wa magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Jumla ni miaka 9. Mwingine husomea uuguzi. Mwingine huenda Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, akajifunza kuzungumza na mgonjwa na kuipatanisha familia yake. Wote wanahitajika, maana dawa husafisha mwili, lakini mgonjwa hurudi nyumba ile ile na kilabu kile kile.

Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini. Kwa kawaida mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu. Lakini methadoni haitibu ulevi wa pombe.

Tufanye nini sasa?
Usimfungie mtu anayekunywa kila siku, wala usimkatishe pombe ghafla nyumbani. Mpeleke Rubya, Kagondo au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba. Mweleze daktari ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, na alikunywa lini mara ya mwisho. Usifiche kwa kuona aibu.

Na kijana yule msimcheke. Huenda anayetaka kumtibu ni baba yake mwenyewe.