Uwanja wa nyumbani: mapato ya mlangoni au pointi tatu?

Mfanyabiashara mwenye lori la nyanya haulizi tu ni soko gani lenye watu wengi. Anauliza pia ushuru ni kiasi gani, nani mwingine ameshusha mzigo pale, na jioni atarudi na nini mfukoni. Chama cha soka kinapochagua uwanja wa mechi ya nyumbani ya kuwania kufuzu fainali kubwa hupiga hesabu ya namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kinapeleka sokoni bidhaa mbili kwa mpigo: viti, ambavyo bei yake hujulikana siku ile ile, na pointi, ambazo thamani yake huonekana miezi mingi baadaye.

Wiki hii tunaitazama hesabu hiyo kwa kuanzia Marekani, nchi ambayo ina viwanja vingi vya kuchagua na ambayo imepata na kupoteza kutokana na uchaguzi wake. Kisha tutarejea Afrika Mashariki, ambako mara nyingi tatizo limekuwa ni kukosa hata uwanja mmoja wa kuchagua.

Wateja wa mpinzani

Timu ya taifa ya Marekani haina uwanja wake wa kudumu. Tanzania ina Uwanja wa Benjamin Mkapa, England ina Wembley, lakini Marekani kila mechi hupangiwa mji wake. Mtu angedhani jibu ni rahisi: peleka mechi kwenye mji mkubwa na uwanja mkubwa, uza tiketi, hesabu fedha. Kasoro ni kwamba miji mikubwa ya nchi hiyo ndiyo yenye wahamiaji wengi kutoka Mexico na Amerika ya Kati, ambako wanatoka wapinzani wakuu wa Marekani. Tiketi zinauzwa zote, lakini wanunuzi wanamshangilia mgeni.

Somo la kwanza lilikuja Mei 31, 1985. Marekani ilihitaji sare tu dhidi ya Costa Rica ili iendelee na safari ya Kombe la Dunia la 1986. Mechi ikapelekwa Torrance, karibu na Los Angeles, na mashabiki wa Costa Rica wakawa wengi jukwaani. Wenyeji wakafungwa 1-0 na safari ikaishia hapo.

Mwaka 1998, katika fainali ya Kombe la Dhahabu la kanda hiyo, watu zaidi ya 91,000 waliingia uwanja wa Coliseum mjini Los Angeles kuitazama Marekani ikicheza na Mexico. Kwa mhasibu ilikuwa siku ya neema. Kwa wachezaji ilikuwa kama kucheza Mexico kwenyewe, na wakalala kwa bao 1-0.

Uwanja mdogo, faida kubwa

Ndipo hesabu ikabadilishwa. Mechi ya kufuzu dhidi ya Mexico ya Februari 28, 2001 ilipelekwa Columbus, katika jimbo la Ohio, kwenye uwanja mdogo uliofunguliwa mwaka 1999 kwa ajili ya klabu ya mji huo. Ohio iko mbali na mpaka wa Mexico, na Februari ni mwezi wa baridi kali. Waliohudhuria walizidi kidogo 24,000 na hali ya hewa ilikuwa chini ya nyuzi sifuri. Marekani ilishinda 2-0.

Tuipime gharama ya uamuzi huo. Kati ya umati wa Coliseum na ule wa Columbus kuna tofauti ya watu karibu 67,000. Tukichukua, kwa mfano tu, kiingilio cha dola 30 kwa kila mmoja, hayo ni mapato ya dola milioni 2 yaliyoachwa kwa makusudi. Je, kilichopatikana kilistahili?

Jibu limo katika msimamo wa kundi. Timu sita zilicheza mechi 10 kila moja na tatu za juu zilifuzu moja kwa moja. Marekani ilimaliza ya tatu kwa pointi 17, Honduras ikawa ya nne kwa pointi 14. Ondoa pointi tatu za Columbus na timu hizo mbili zinalingana. Kwa kipimo cha karibuni, katika Kombe la Dunia la 2022 kila timu iliyofika fainali ilipata kutoka FIFA si chini ya dola milioni 10.5, yaani milioni 1.5 za maandalizi na milioni 9 hata kwa waliotolewa hatua ya makundi. Bei za 2001 hazikuwa hizo, lakini mwelekeo ni ule ule: pointi tatu zinaweza kuwa na thamani kuliko mlango uliojaa.

Mwaka huo huo wa 2001 ulitoa pia ushahidi wa upande wa pili. Septemba 1 Marekani iliikaribisha Honduras katika uwanja mkubwa wa RFK mjini Washington, mji wenye wahamiaji wengi wa Amerika ya Kati. Watu zaidi ya 50,000 waliingia. Honduras ikashinda 3-2, na hicho kikawa kipigo cha kwanza cha Marekani nyumbani katika mechi za kufuzu tangu kile cha Torrance.

Kanuni zake na mipaka yake

Tangu hapo uchaguzi umefuata mambo machache yanayoeleweka. La kwanza ni nani atakayenunua tiketi, na ndiyo maana mauzo huanza na vikundi vya mashabiki na wenye tiketi za msimu kabla ya soko huria. La pili ni nyasi: mwaka 2013 mjini Seattle zilitandikwa nyasi halisi juu ya zile za bandia ili Panama ichezewe hapo. La tatu ni safari, kwa kuwa wachezaji wengi hutoka Ulaya na siku chache baadaye wanatakiwa Amerika ya Kati. La nne ni hali ya hewa. Februari 2022 Honduras ilipelekwa St. Paul, Minnesota, kwenye baridi ya nyuzi 16 chini ya sifuri, ikafungwa 3-0. Mexico nao hawana cha kulalamika, kwani kwa miaka mingi wamewapokea wageni katika uwanja wa Azteca, mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari.

Hata hivyo uwanja si hirizi. Columbus ilitoa matokeo yale yale ya 2-0 dhidi ya Mexico mwaka 2001, 2005, 2009 na 2013, lakini Novemba 2016 Mexico ilishinda pale pale 2-1. Mwaka uliofuata Costa Rica iliifunga Marekani 2-0 katika uwanja mdogo wa New Jersey, na Marekani ikakosa fainali za 2018. Uwanja mzuri huongeza nafasi ya ushindi, hauziba pengo la timu mbovu.

Asiye na uwanja hulipa mara mbili

Marekani huamua ipoteze nini ili ipate nini. Kwetu wako waliopoteza vyote viwili bila kuamua. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, hukagua viwanja: taa, vyumba vya wachezaji, viti, vyoo, eneo la kuchezea. Uwanja usiopitishwa hauchezewi mechi za kufuzu, na timu hulazimika kutafuta nyumba ya kuazima.

Kenya ni mfano. Juni 2024 Harambee Stars waliikaribisha Burundi na kisha Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi, wakatoka sare 1-1 na 0-0. Septemba waliikaribisha Zimbabwe mjini Kampala, 0-0, na Oktoba wakafungwa hapo hapo na Cameroon 1-0. Kati ya pointi 12 za mechi hizo nne za "nyumbani", walivuna tatu. Mlangoni nako hakukuwa na shabiki wa Nairobi wa kulipa kiingilio, wala mwenye hoteli, dereva wa matatu au muuza njugu wa Nairobi aliyepata senti.

Na hasara ya mmoja ni faida ya mwingine. Katika kundi la kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika za 2025, Tanzania iliifunga Guinea 2-1 Septemba 2024 mjini Yamoussoukro, Ivory Coast, na Novemba ikaifunga Ethiopia 2-0 mjini Kinshasa. Zote mbili zilikuwa mechi za ugenini ambazo mwenyeji naye alikuwa ugenini. Siku tatu baada ya Kinshasa, Taifa Stars waliikaribisha Guinea katika Uwanja wa Mkapa na kushinda 1-0. Walifuzu kwa pointi 10, Guinea ikabaki na tisa. Sita kati ya pointi hizo 10 zilitoka kwa wenyeji wasio na nyumba.

Kwa mtu wa biashara, fundisho liko kwenye vitabu vya hesabu. Matengenezo ya uwanja huandikwa kama matumizi, na ndiyo maana huwa ya kwanza kukatwa bajeti inapobana. Yangepaswa kuandikwa kama mtaji. Kenya ilikarabati viwanja vyake kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, iliyoyaandaa pamoja na Tanzania na Uganda, na nchi hizo tatu ndizo zilizopewa pia fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Wageni wakishaondoka, bili ya maji, taa na nyasi itaendelea kuja kila mwezi. Atakayeacha kuilipa ataikuta siku moja kwenye msimamo wa kundi.