Kujishonea nguo ya kulalia inayofaa kunyonyesha usiku

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24, na kadhaa kati ya hizo huangukia usiku. Hiyo si tabia mbaya ya mtoto, wala si dalili kwamba maziwa hayamtoshi. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa haraka, kwa hiyo huamka. Mwili wa mama nao una sababu yake: prolaktini, homoni inayochochea utengenezaji wa maziwa, huwa juu zaidi usiku kuliko mchana. Mama akianza kuruka zamu za usiku katika wiki za mwanzo, maziwa huweza kupungua. Hapo ndipo huanza kusikika ushauri wa kumpa mtoto maji au uji mwepesi, ilhali anapaswa kupata maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza.

Mambo mengi humfanya mama aruke zamu hizo: uchovu, maumivu ya kidonda, kulala chumba kimoja na mama mkwe au watoto wakubwa na kuona haya kujifunua. Nguo ni jambo dogo kati ya hayo. Lakini hili unaweza kulirekebisha mwenyewe kwa doti moja ya khanga.

Nguo inavyoingilia unyonyeshaji

Ukivaa gauni lisilo na nafasi mbele, unalazimika kulipandisha lote hadi kifuani. Tumbo na mgongo vinabaki wazi, na kwa aliye Njombe au Limuru mwezi wa Julai, baridi hiyo peke yake inatosha kumfanya atamani mtoto asiamke. Tatizo kubwa zaidi ni kile kitambaa kinachokunjamana chini ya titi. Mtoto akinyonya vizuri, kidevu chake hugusa titi, mdomo huwa wazi sana, na huingiza mdomoni si chuchu tu bali pia sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Mafungu ya nguo yakikaa kati ya kidevu na titi, hushika ncha ya chuchu peke yake. Mama huumia, chuchu hupasuka, na mtoto hapati maziwa ya kutosha.

Kuvuta shingo ya nguo chini hadi titi litoke kuna hatari nyingine. Ukingo hukandamiza titi sehemu moja kwa muda wote wa kunyonyesha. Mgandamizo wa namna hiyo, kama ule wa sidiria ya waya au inayobana, unaweza kuzuia maziwa yasitoke vizuri mpaka titi likafanya uvimbe mgumu. Ukiona sehemu ya titi imekuwa nyekundu au imebadilika rangi, ina joto na inauma, huku una homa au unatetemeka, nenda kituo cha afya mapema. Endelea kunyonyesha wakati huo, hata kwa titi linalouma; kuacha ghafla huzidisha tatizo.

Kitambaa

Pamba ndiyo inayofaa: inanyonya jasho na maziwa yanayovuja, na haikwaruzi chuchu. Khanga nyingi ni za pamba, ila siku hizi zipo za nyuzinyuzi za plastiki zinazong'aa kidogo. Chomoa uzi mmoja pembeni, ushike kwa koleo juu ya sinki au beseni la maji, uuwashe. Pamba hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Plastiki huyeyuka na kuacha kipunje kigumu. Kitenge kipya ni kizito na kigumu kwa kulalia, hivyo kiache kwa ajili ya kliniki.

Fua khanga kabla ya kukata. Mpya ina wanga wa kiwandani, huchuja rangi, na huenda ikaruka. Ukikata kwanza na kufua baadaye, utapata blauzi ya binti yako.

Kupima na kukata

Mtindo ninaoupendekeza hauna zipu, vifungo wala kamba. Mbele kuna vipande viwili: cha juu kinashuka kupita chini ya matiti, na cha chini kinaanzia chini ya titi, kikijificha nyuma ya kile cha juu. Unanyanyua cha juu na titi liko wazi, huku tumbo limebaki limefunikwa na cha chini.

Jipime umekaa, kwa kuwa utanyonyesha umekaa au umelala, na jipime kabla ya kumnyonyesha mtoto, matiti yakiwa yamejaa. Chukua vipimo vitatu: mzunguko wa kifua, kutoka bega kupita juu ya chuchu hadi chini ya titi, na kutoka bega hadi unapotaka blauzi iishie.

Tuseme kifua ni sentimita 100. Ongeza 20 za ulegevu, gawanya kwa mbili, kisha ongeza 4 za mishono: kila kipande kitakuwa na upana wa 64. Khanga kwa kawaida ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110, kwa hiyo mgongo na mbele vinakaa sambamba. Ikiwa chini ya titi ni sentimita 35 kutoka begani, kipande cha juu kiwe na urefu wa 49, ili kikipindwa kishuke karibu sentimita 10 chini ya hapo. Kama blauzi itaishia sentimita 70, kipande cha chini kiwe 39 na mgongo 74. Ukanda wa pembeni unaobaki unatosha mikono miwili mifupi. (Jina la khanga wengine hupenda lisomeke mgongoni. Ukitaka hivyo, anza kupanga na mgongo.)

Khanga ya pili ni ya suruali: igawe katikati, kila nusu iwe mguu mmoja. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji, ningesema aahirishe suruali wiki chache za mwanzo, ashone gauni kwa kurefusha kipande cha chini na mgongo. Kidonda kipo chini ya tumbo, mahali ambapo lastiki hupenda kukaa, na gauni hurahisisha kukikagua na kubadilisha pedi. Suruali ikishonwa baadaye, lastiki iwe pana, legevu, na ipite juu ya kovu.

Kushona

Pinda kwanza ukingo wa chini wa kipande cha juu na ukingo wa juu wa kipande cha chini, kwa sababu ukishaunga pande hutavifikia vizuri. Pinda mara mbili ili nyuzi zisitoke. Unga mabega, kata shingo isiyo na kina kirefu, ifungie kwa utepe wa kitambaa, kisha unga mikono ikiwa imetandazwa.

Sasa panga vipande vya mbele, cha juu kikilalia cha chini. Ubavuni, shona kipande cha juu kutoka kwapani hadi kipite ukingo wa kile cha chini kwa sentimita 2 tu. Sehemu iliyobaki iache ining'inie huru. Wengi hukosea hapa: wakishona cha juu pande zote hadi mwisho, hakinyanyuki vya kutosha, na khanga haivutiki kama fulana. Kisha endelea na ubavu wa kipande cha chini hadi mwisho wa blauzi.

Kama huna cherehani, shona kwa mkono, kila mchomo ukirudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Mshono huo ni wa polepole lakini haufumuki. Hesabu pini ulizotumia kabla na baada ya kazi. Usiongeze shanga wala vifungo vya urembo. Vitakuwa sentimita chache tu kutoka mdomoni mwa mtoto.

Mabaki yakate miduara ya upana wa kiganja, unganisha tabaka nne, uweke ndani ya sidiria laini kuzuia maziwa yanayovuja. Badilisha kila vinapolowa, kwani chuchu inayokaa kwenye unyevu hupasuka kirahisi na huweza kupata fangasi. Vifue kwa sabuni na uvianike juani.

Kabla hujaanza kuivaa, ijaribu usiku taa ikiwa imezimwa. Mbebe mtoto kwa mkono mmoja, nyanyua kitambaa kwa mwingine, na hakikisha pua yake haifunikwi. Ukilazimika kumweka chini ili utumie mikono miwili, fumua ubavu wa kipande cha juu sentimita moja moja hadi mkono mmoja utoshe.