Je, Wajua? Dari ya Jasi Imebeba Maji

Takriban sehemu moja ya tano ya uzito wa jasi, yaani madini meupe na laini ambayo mafundi wengi huyaita jipsamu na ambayo nchini Tanzania huchimbwa Makanya, mkoani Kilimanjaro, ni maji yaliyofungamana na chembe zake. Moto unapowaka chini ya dari, maji hayo hugeuka mvuke na kuchelewesha joto kupenya.

Bodi moja ya jasi ya dari yenye unene wa milimita 12.5, upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4 huweza kuzidi kilo 20, na uzito huo wote huning'inia kwenye skrubu. La ajabu ni kwamba kinachoishikilia hasa ni karatasi iliyoifunika: kichwa cha skrubu kikizama hadi kuichana, jasi iliyo ndani humomonyoka, na skrubu hiyo haishikilii tena chochote cha maana.

Bodi hulazwa kwa kukingama na mbao zinazoibeba, kwa kuwa upande wake wa urefu ndio wenye nguvu zaidi. Nchini Marekani, bodi ya milimita 12.7 itakayopakwa rangi nzito ya maji yenye vinundu hutakiwa kubebwa na mbao zisizoachana zaidi ya milimita 406. Nafasi ikifika milimita 610, huhitajika bodi ya milimita 15.9, au ile iliyotengenezwa mahususi isibonyee.

Anayejenga na apime nafasi ya mbao kabla ya kununua bodi.