Umebonyeza "Lipa" Mara Mbili? Hiki Ndicho Hufanyika

Umeagiza viatu mtandaoni, umebonyeza "Lipa", halafu skrini imeganda. Meseji haijaingia. Unabonyeza tena, na sasa roho iko juu: pesa zimekatwa mara mbili?

Jibu linategemea vile programu ya duka hilo imejengwa. Programu nyingi za biashara kubwa huandikwa kwa Java, na mfumo mmoja unaopendwa sana ni Spring, uliofikisha toleo la 1.0 mwaka 2004. Spring hugawa kazi kwa vipande, na kila kipande hubandikwa alama ya aina yake. Fikiria hoteli ya mtaani:

@Controller ni weita. Anapokea oda na kukuletea jibu. Hapiki.

@Service ni mpishi. Hapa ndipo sheria za biashara zinakaa: bei ni ngapi? Oda hii ishalipwa?

@Repository ni mwenye stoo. Kazi yake ni kusoma na kuandika rekodi kwenye hifadhidata.

@Component ni alama ya jumla, kwa kipande kisichoingia kwa hizo tatu, kwa mfano kile kinachotunga meseji.

Kitu ambacho wengi hawajui: kwa kawaida Spring huunda kipande kimoja tu cha kila kazi. Weita huyo mmoja anahudumia wateja wote kwa wakati mmoja. Kwa hivyo hafai kuweka oda yako kichwani, la sivyo itachanganyika na yangu. Ndiyo maana kila oda inahitaji namba yake.

Sasa, ukibonyeza mara mbili, weita hupeleka maombi mawili jikoni. Kama yote yana namba moja ya oda, mpishi anaona ni ileile. Hata yakifika pamoja, stoo iliyowekewa sharti kwamba namba haijirudii itakataa la pili. Lakini kama kila mbonyezo unapewa namba mpya, hakuna atakayeshtuka. Utakatwa mara mbili.

Wewe mteja, skrini ikiganda usibonyeze tena. Angalia meseji na salio kwanza.

Na kama una duka mtandaoni, muulize aliyekutengenezea programu: "Namba ya oda hutolewa lini, oda ikifunguliwa ama mteja akibonyeza Lipa?" Jibu unalotaka kusikia ni: oda ikifunguliwa.