Fotoni Moja kwa Wakati: Hesabu ya Mtumba

Kutoka Mji wa Serikali wa Mtumba hadi katikati ya jiji la Dodoma ni yapata kilomita 17. Nuru ikipita umbali huo ndani ya uzi bora wa kioo, karibu nusu yake hufika. Ikielekea Dar es Salaam, yapata kilomita 450, hufika sehemu moja tu katika bilioni. Simu na intaneti hazitetereki, maana njiani kuna vikuzaji. Lakini siri iliyobebwa na punje moja ya nuru, yaani fotoni, haikuzwi wala hainakiliwi. Humo ndimo usalama wake ulimo, na mpaka wake pia.

Mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walionyesha jinsi watu wawili wanavyoweza kupeana ufunguo wa siri kwa fotoni mojamoja. Mdukuzi hana budi kuipima fotoni, na kuipima huacha makosa ambayo wenye ufunguo huyagundua. Lakini zikija mbili katika pigo moja la nuru, mdukuzi huiba moja na kuiacha nyingine ipite.

Leza iliyofifishwa haiwezi kuahidi fotoni moja. Ni kama mkulima wa Kongwa anayedondosha mtama kwa vidole: shimo hili tupu, lile punje moja, jingine tatu. Hata ukiifikisha kwenye wastani wa fotoni moja kwa mapigo kumi, kati ya mapigo yenye nuru takriban 5 katika kila 100 hubeba zaidi ya moja. Wataalamu huchanganya mapigo ya mtego ili kumnasa mwizi, lakini dawa ya msingi ni chanzo kinachotoa moja tu.

Chanzo hicho ni nukta ya kwanta: kisiwa cha indiamu asenaidi, chenye upana wa makumi machache ya nanomita, kilichozikwa ndani ya semikondakta nyingine, galiamu asenaidi. Pigo la leza huinua elektroni, nayo huacha pengo. Ikirudi kulijaza, fotoni moja hutoka, na hakuna ya pili mpaka elektroni iinuliwe tena. Peter Michler na wenzake walilithibitisha hilo mwaka 2000. Kipimo chake ni hiki: nuru huelekezwa kwenye kioo kinachoigawa nusu kwa nusu, kila upande una kihisi. Fotoni haigawanyiki, hivyo vihisi viwili havishtuki kwa pamoja.

Kazi bado ipo. Nukta bora nyingi hutoa nuru ya nanomita 900 hivi, ilhali upotevu wa nuru katika nyuzi za kioo huwa mdogo kabisa kwenye 1550. Tena hutaka baridi ya karibu nyuzi −269 za Selsiasi, inayopatikana kwa heliamu, gesi ambayo mwaka 2016 ilitangazwa kugunduliwa kwa wingi Rukwa.

Kwa hiyo tuanze na kilomita 17, si 450. Naomba jaribio la kioo na vihisi viwili lifundishwe Chuo Kikuu cha Dodoma sasa, hata kwa leza iliyofifishwa. Siku serikali itakapouziwa mtambo kwa jina la usalama wa kwanta, lazima awepo Mtanzania wa kuupima kabla ya malipo, aseme kwa namba kama kweli unatoa fotoni moja.